Je, Wajua? Kuta Zako, Kiwanja cha Mwenzio

Je, wajua kwamba kisiwani Mombasa unaweza kununua nyumba, ukakabidhiwa funguo, ukaingiza kitanda na kabati, na usimiliki hata chembe ya mchanga ulio chini ya msingi? Nenda Majengo ujionee. Kuta na mabati ni vya huyu, kiwanja ni cha yule.

Usinikodolee macho, yakhe! Hapa Mombasa nyumba kama hiyo huitwa nyumba bila ardhi, na dalali huitaja hadharani bila kupepesa. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Kodi ya wapangaji, vyumba vitatu upande huu wa korido na vitatu upande ule, huingia mfukoni mwake mwenyewe.

Kwa sheria ya Kiingereza, kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi: msumari, dari, mlango na kitasa chake. Kwa desturi ya Pwani, nyumba ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mafundisho hayo mawili yameishi kwenye kisiwa kimoja cha kilomita za mraba 14 hivi kwa zaidi ya miaka 100, na hadi leo hayajapatana.

Wala si nyumba peke yake. Je, wajua kwamba Pwani mtu aweza kumiliki mnazi uliosimama katika shamba la mwenziwe? Huuza mnazi wake, huuweka rehani, hufa akaurithisha. Kwa hivyo ukienda kutazama shamba Kisauni au Kilifi, hesabu miti, kisha uliza kila mmoja ni wa nani.

Sasa sogea karibu, maana hapa sheria inachekesha. Nchini Kenya, mtu aliyekalia ardhi ya mwenziwe waziwazi miaka 12, bila ruhusa na bila kufukuzwa, aweza kwenda kortini akaomba iandikwe jina lake. Aliyelipa kodi ya kiwanja kwa uaminifu miaka 50 hawezi, kwa sababu alikaa kwa ruhusa! Mvamizi ana dai, mlipaji hana.

Ila usikimbilie kuvamia. Miaka hiyo 12 haihesabiwi dhidi ya ardhi ya umma. Kaa hapo hata 100, ni kazi bure.

Je, wajua kwamba benki ikikukopesha pesa za nyumba, dhamana yake huandikwa kwenye hatimiliki ya ardhi? Nyumba bila ardhi haina hatimiliki ya ardhi ya kuandikia. Ndiyo maana nyingi hubadilisha mikono kwa pesa taslimu, mbele ya mashahidi na wazee wa mtaa.

Na je, wajua kwamba serikali iliwahi kununua shamba zima Likoni ili wavamizi waliokuwa ndani wasiondoke? Ni shamba la Waitiki, ekari zipatazo 930, lililoingiliwa baada ya machafuko ya 1997. Bei ilikuwa takriban shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafika kugawa hatimiliki. Ingia Ferry, vuka, utaliona.

Tuulize basi: fujo hizi za ardhi zilianzia wapi? Je, wajua kwamba Mombasa iliwahi kukodishwa kama chumba? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba ukanda wa Pwani wenye upana wa maili 10 ni wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza wakaukodi kwa pauni 17,000 kwa mwaka. Bandari, ngome, minazi na watu wake, vyote ndani ya bei hiyo.

Kodi hiyo iliendelea kulipwa hadi mwaka wa uhuru. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana barua, na Sultani akaachia ukanda wake. Ndani ya barua hizo kulikuwa na ahadi mbili nzito: mahakama za makadhi zitabaki, na hati za ardhi za Pwani zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa daima. Miezi mitatu baadaye Sultani mwenyewe alipinduliwa Unguja.

Je, wajua kwamba Uingereza ilitusajili sisi kabla ya kujisajili yenyewe? Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye dai la ardhi Pwani ajitokeze mbele ya msajili na ushahidi wake. Kule Uingereza na Wales, kusajili ardhi inapouzwa kulikuja kuwa lazima nchi nzima tarehe 1 Desemba 1990. Miaka 82 baadaye!

Lakini sheria hiyo ya 1908 ilikuwa na meno. Ardhi ambayo hakuna aliyekuja kuidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Fikiria mkulima wa bara ya Mombasa asiyejua kusoma, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba yuko mbioni. Wajukuu wa watu kama hao ndio wanaoitwa maskwota leo, kwenye ardhi walikozikwa babu zao.

Hebu nikuulize swali la sekunde moja: uuzaji wa nyumba Mombasa uliongozwa na sheria ya nchi gani mpaka mwaka 2012? Ukisema Kenya umekosa, ukisema Uingereza umekosa. India! Sheria ya India ya kuhamisha mali ya mwaka 1882 ilitumika huku kwetu hadi ilipofutwa na sheria mpya ya usajili wa ardhi ya 2012, ikiwa na umri wa miaka 130. Sheria nne za ardhi za Kenya zilizikwa pamoja nayo siku hiyo, ile ya 1908 ikiwa mojawapo.

Mikataba iliyoandikwa chini ya sheria hizo za kale ingali kwenye makabati ya watu. Ukinunua nyumba Mji wa Kale, usishangae wakili wako akafungua jalada la mwaka 1920 na ushei.

Umewahi kuitazama namba ya kiwanja cha Mombasa? Herufi MN ni Bara ya Kaskazini, yaani kina Nyali na Kisauni. MS ni Bara ya Kusini, kina Likoni. Kisiwa chenyewe ni MI, au utaona limeandikwa Mombasa, kisha Block, kisha namba ya Kirumi. Naam, namba za Kirumi! Mtu anakuuzia kiwanja cha kisiwani na hati inasema MN? Kunywa kahawa yako, simama, nenda zako.

Sasa tuingie Mji wa Kale penyewe, mchana, tupite Ndia Kuu kabla jua halijawa kali. Tazama juu: roshani za mbao, milango ya nakshi, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita na zaidi. Je, wajua kwamba vyumba vya nyumba za kale za mawe ni vyembamba kwa sababu ya mkoko? Boriti ya mkoko haibebi dari pana zaidi ya mita tatu hivi, kwa hivyo fundi alirefusha chumba badala ya kukipanua. Ukinunua, mpe fundi taa apande akazigonge boriti moja moja, maana mchwa naye ni mpangaji, na hatoi notisi.

Na ukishanunua, usikimbilie kuvunja. Mji wa Kale ni eneo la urithi linalohifadhiwa, na ukitaka kubadilisha mlango, roshani au sura ya mbele lazima kwanza upite ofisi ya uhifadhi. Ofisi hiyo iko ndani ya Mahakama ya Kale, jengo la mwaka 1902, hatua chache kutoka Fort Jesus. Mlango ni wako kwa hati. Kuung'oa ni habari nyingine.

Je, wajua kwamba mwanga wa dirisha lako unaweza kuwa mali yako kisheria? Sheria ya Kenya inasema jengo lililopata mwanga na hewa bila kuzuiwa kwa miaka 20, kwa njia ya haki, linaweza kujipatia haki hiyo moja kwa moja. Uingereza nako ni miaka 20 hiyohiyo, tangu sheria ya mwaka 1832. Katika vichochoro vya Kibokoni, ambako jirani anaweza kukupokeza sukari dirishani, ghorofa moja mpya inaweza kuzaa kesi tatu.

Kuna nyumba nyingine huwezi kuinunua hata ukija na gunia la pesa: nyumba ya wakfu. Mwenyewe alishaitoa kwa ajili ya Mungu, msikiti, maskini au kizazi chake, na wakfu hauuzwi, hauzawadiwi, haurithiwi. Mapato yake ndiyo hugawanywa. Makamishna wa wakfu wana ofisi yao hapahapa Mombasa, na swali la kwanza la mnunuzi mjanja wa Mji wa Kale ni hilo: hii si wakfu?

Lakini subiri usikie wakfu ulikofikishwa! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya wakfu wa familia moja ya Kiislamu ya Kenya ilipanda hadi baraza la rufaa la Privy Council, London. Waamuzi wa Kiingereza wakaupima kwa hukumu ya mwaka 1894 iliyotoka Bengal, wakasema wakfu wa kufaidisha kizazi cha mtu mwenyewe ni batili. Sheria ya Kiislamu, ya watu wa Afrika Mashariki, ikaamuliwa London kwa kesi ya India. Kichekesho ni kwamba India yenyewe ilikuwa imeshaifuta kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1913. Kenya ikajirekebisha kwa sheria ya makamishna wa wakfu ya 1951, na wakfu wa kizazi ukarudi kuwa halali.

Mirathi je? Hapo ndipo wanunuzi wengi wa Mji wa Kale hutoka jasho. Tuseme babu alikufa akaacha nyumba Kibokoni, mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mke ana thumuni, na saba zinazobaki zinagawanyika kama zimepimwa kwa rula: kila mwana mbili, kila binti moja. Watu sita, nyumba moja, hakuna mwenye nusu.

Haya, mwana mmoja naye akafa, mamake yungali hai, ameacha mke na mtoto wa kiume. Mama anachukua sudusi ya fungu la mwanawe, mjane anachukua thumuni, kijana anachukua kilichobaki. Je, wajua kijana huyo sasa anamiliki kiasi gani cha nyumba ya babu? Sehemu 17 kati ya 96! Piga hesabu mwenyewe ukitaka, nimekaa hapa.

Vizazi vitatu vikipita, warithi wanaweza kufika 30 au 40, wengine wako Muscat, wengine Leicester, mmoja hajulikani aliko. Dalali atakuonyesha mmoja mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo si mwenye nyumba. Sahihi za wote ndizo nyumba.

Na usijaribu kununua mali ya marehemu kabla ya hati ya usimamizi wa mirathi. Sheria ya Kenya inaita huko kuingilia mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwenye kufa amepumzika, wewe unakwenda gerezani Shimo la Tewa.

Je, wajua kwamba mshirika wako katika nyumba anaweza kumtoa mnunuzi aliyekwisha kulipa? Katika fiqhi huitwa shufaa: mshirika akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenzake ana haki ya kulichukua yeye kwa bei ileile. Wanazuoni wa Hanafi wanampa haki hiyo hata jirani. Sisi Pwani wengi wetu ni Shafi, na kwa Shafi jirani hana shufaa, ana kelele tu.

Watu wetu waliwahi pia kubuni mkopo wa nyumba usioitwa mkopo. Katika karne ya 19, Mombasa na Unguja, mwenye shida ya pesa aliuza nyumba yake kwa bei ya khiyari: anaiuza leo, ana hiari ya kuikomboa kwa bei ileile baadaye, na wakati huo anaendelea kukaa ndani akilipa kodi. Riba haikutajwa popote. Kodi ilifanya kazi yote kimyakimya, na makaratasi hayo yalisafiri mpaka Muscat na Bombay.

Mwaka 2008 Kenya ikapata benki mbili za Kiislamu kwa mkupuo. Huko nyumba haikopeshwi kwa riba: benki inanunua pamoja nawe, nawe unazidi kununua fungu lake kidogo kidogo. Mababu wa Ndia Kuu wangeuelewa mkataba huo kabla kahawa haijapoa.

Tuje kwenye wapangaji. Je, wajua kwamba mpangaji wa shilingi 2,500 ana nguvu kuliko mnunuzi wa milioni 25? Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake rasmi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na sheria ya kudhibiti kodi, na kodi hiyo rasmi inahesabiwa kwa kutazama hali ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1981. Ukinunua nyumba, unamrithi mpangaji pamoja na kodi yake. Humpandishii upendavyo, humtoi bila baraza la kodi.

Duka la chini nalo lina sheria yake. Mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hatolewi bila notisi rasmi ya miezi isiyopungua miwili, na ana haki ya kuipinga mbele ya baraza. Cherehani inayolia chini ya ngazi inaweza kukaa hapo muda mrefu kuliko subira yako.

Je, wajua kwamba neno la mdomo halinunui nyumba Kenya? Tangu tarehe 1 Juni 2003, mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Mlipeana mikono, mkasoma Fatiha, mkala halua? Hongera, lakini korti haikusikizi.

Uingereza nako ni maandishi, tena kuna uchungu wa ziada. Hata ukikubaliwa bei, mpaka siku mikataba inapobadilishwa muuzaji anaweza kumpa nyumba mwingine aliyepandisha dau, na ada ulizokwisha kumlipa wakili na mkaguzi hazirudi. Mambo hayo huchukua wiki na wiki. Kwetu mnunuzi hutoa arubuni, mara nyingi asilimia 10, na mkataba ukishatiwa sahihi muuzaji amefungika.

Muuzaji ni mume, hati ina jina lake peke yake? Usilipe bado! Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi. Sheria hiyohiyo inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, kwa hivyo mawakili wa Mombasa huichukua sahihi ya mke tu, maneno yaishe.

Haya, kodi. Je, wajua kwamba kuvuka mpaka wa mji kunaweza kukuokolea nusu ya ushuru wa stempu? Mjini ni asilimia 4, mashambani ni asilimia 2. Nyumba ya milioni 10 kisiwani inakutoa shilingi 400,000. Ya bei hiyohiyo kule kijijini, 200,000. Na analipa mnunuzi.

Muuzaji usicheke, wako uko njiani. Kodi ya faida ya mtaji ililala usingizi tangu 1985, ikaamshwa 1 Januari 2015 kwa asilimia 5, na 1 Januari 2023 ikaruka hadi asilimia 15. Faida ya milioni 7 iliyokuwa ikitozwa 350,000 sasa inatozwa 1,050,000. Mara tatu, usiku mmoja!

Halafu kuna bili mbili ambazo watu huzichanganya. Kiwanja cha kukodi kutoka serikalini kina kodi ya ardhi inayokwenda serikali kuu, na kuna ada ya kiwanja inayokwenda kaunti. Kulipa moja hakufuti nyingine, na uhamisho haupiti bila vyeti vya kuonyesha hudaiwi.

Sasa hii ndiyo iliyowatikisa mawakili wote wa Mombasa. Je, wajua kwamba unaweza kununua kiwanja chenye hatimiliki halisi, kutoka kwa mwenye hatimiliki halisi, na bado ukakikosa? Kampuni ya Dina Management ilikuwa na kiwanja cha ufuoni Nyali. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliingia ikabomoa ukuta, ifungue njia ya watu kwenda baharini. Kampuni ikaenda kortini na hati yake mkononi.

Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 hukumu ikatoka. Kiwanja hicho kilikuwa sehemu ya wazi ya umma, na mtu wa kwanza kugawiwa, mwaka 1989, alikuwa Rais Daniel arap Moi. Mahakama ikasema mgao ule wa kwanza haukufuata sheria, kwa hivyo hakuna aliyenunua baadaye aliyepata kitu. Hatimiliki ni mwisho wa hadithi, wakasema kwa maana hiyo. Korti inataka kusikia mwanzo wake. Tangu hapo, kupekua masjala ukasoma jina moja la mwisho hakutoshi. Dai ukoo mzima wa hati mpaka mgao wa kwanza.

Kuna Wamombasa wengi Uingereza, na hawa nina habari yao. Je, wajua kwamba fungu la nyumba ya babu Kibokoni linaweza kukupandishia ushuru London? Mnunuzi wa nyumba ya kwanza kule hupewa nafuu ya ushuru wa stempu, lakini sharti awe hajawahi kumiliki nyumba popote duniani, kwa kununua wala kwa kurithi. Popote duniani! Yule kijana wetu wa 17 kwa 96 huenda akajikuta si mnunuzi wa mara ya kwanza.

Unayenunua kutoka Mombasa huku huishi Uingereza nawe una nyongeza yako: asilimia 2 juu ya ushuru wa kawaida, tangu Aprili 2021.

Je, wajua kwamba Mwingereza anaweza kununua shamba akadaiwa paa la kanisa? Katika kijiji cha Aston Cantlow, kaunti ya Warwickshire, mke na mume waliorithi shamba waliandikiwa na parokia walipe ukarabati wa kanisa la kale, kwa deni lililoshikamana na ardhi hiyo tangu karne nyingi. Mwaka 2003 wakashindwa mbele ya Mabwana wa Sheria. Bili ikapita pauni 180,000, bila kuhesabu mawakili.

Mazuri pia yapo. Kwa pauni 7 mtu yeyote, hata aliyeketi Makadara na simu yake, anaweza kusoma rejista ya nyumba yoyote iliyosajiliwa Uingereza na Wales. Kabla ya Desemba 1990 hakuruhusiwa bila ridhaa ya mwenye nyumba. Kuna pia huduma ya bure ya kukupigia kengele mtu akijaribu kugusa hati yako, hadi nyumba 10.

Na majini? Usiangalie pembeni, najua ulitaka kuuliza. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba, kwa mujibu wa sheria, nyumba moja ya kijiji cha Nyack ina mizimu! Mwenyewe alikuwa amejigamba magazetini kuhusu mizimu yake, kisha akamuuzia mgeni bila kumwambia. Mahakama ikamruhusu mnunuzi avunje mkataba. Mombasa muulize jirani wa mkono wa kushoto, dalali hatakuambia.

Ya mwisho, kisha nikaswali. Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya inataja kodi ya punje moja ya pilipili? Tangu tarehe 27 Agosti 2010 mgeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya milele, ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Wageni waliokuwa na umiliki wa kudumu walipewa badala yake miaka 99 kwa kodi ya punje hiyo, yaani kodi ya jina tu. Na wale wenye mikataba ya miaka 999, iliyoanza kutolewa kwa sheria ya 1915, wakakatwa miaka 900 kwa mstari mmoja.

Kampuni nayo haiponi. Ikiwa na hisa moja tu ya mgeni, basi kampuni nzima ni mgeni.

Mahoteli, majumba ya ufuoni, maghala ya zamani: yote yaliyobadilishwa siku ile yanaanza kufikia ukomo Agosti 2109. Una mjukuu mchanga? Mwambie ajiwekee tarehe, viwanja vya mbele ya bahari huwa na foleni.